Uzi: Vikundi vya maigizo ya jamii, mbona mnafunga mchezo pale ndo unaanza?

kengele_ya_pili (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, nyie mnaopenda sanaa ya jukwaani vuteni viti.

Huu ndo wakati vikundi vingi vya maigizo vinapanga msimu wa mwaka kesho, na nimekaa na vikundi vya kutosha kujua unavyopangwa. Inachukuliwa kalenda ya siku za kimataifa. Machi 8 wanawake, Juni 16 mtoto wa Afrika, halafu watu wanalala mpaka Novemba 25 zinapoanza siku 16 za kupinga ukatili, katikati hapo ipo Desemba 1 ya Ukimwi, baada ya hapo kila mtu kwao. Huo sio msimu, hiyo ni ratiba ya fulana. Mfadhili analeta mada na rangi ya fulana, kikundi kinatafuta mtu wa kuigiza mlevi.

Na mchezo wenyewe mnaujua kabla hamjafika uwanjani. Ngoma inapigwa kuita watu, watoto wanajaa mbele, baba mlevi anaingia anayumba watu wanacheka mpaka machozi, mama analia, binti anapata mimba, anatokea mtu mwenye koti jeupe anaeleza kila kitu kwa sauti ya redio, baba anaomba msamaha, wanacheza wote pamoja. Kisha mtu wa shirika anashika maiki anarudia yale yale yaliyoigizwa, karatasi ya mahudhurio inapita watu wanasaini, picha, gari linaondoka. Yule mlevi wa kweli pale mtaani kacheka kuliko wote na amerudi zake kilabuni.

Ninachosema mimi ni kitu kimoja tu: mchezo wa jamii ukishakuja na jibu lake mfukoni, unakuwa tangazo. Kazi inaanza pale mchezo unapokwama, na hapo ndo pesa na muda wa msimu vinatakiwa viende, sio kwenye fulana.

Hili sijalibuni mimi. Kuna mbrazili anaitwa Augusto Boal, alikuwa anaongoza kikundi cha Arena pale São Paulo, miaka ya sitini mwanzoni wakaenda kaskazini mashariki mwa Brazil kuwaigizia wakulima mchezo wa kudai ardhi. Wanamaliza kwa wimbo, bunduki juu, tumwage damu yetu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja anaitwa Virgílio akawafuata machozi yanamtoka, akawaambia haya tule kwanza halafu twendeni wote na hizo bunduki zenu tukawatoe watu wa yule mwenye shamba. Wakabaki wanatazamana! Bunduki zilikuwa za maigizo. Mkulima akasema basi sio tabu, bunduki tunazo, njooni nyie. Wakaanza kujieleza kwamba wao ni wasanii, sio wakulima. Yule mzee akaelewa: kumbe damu mnayosema imwagwe ni yetu, sio yenu. Boal mwenyewe alikuwa anasimulia hii habari, na anasema tangu hapo hakurudia tena kumpandia mtu jukwaani kumshauri jambo ambalo yeye hayuko tayari kulifanya.

Baadae serikali ya kijeshi ya Brazil ikamkamata mwaka 1971, akateswa, akaenda uhamishoni. 1973 yupo Peru kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wanaigiza habari ya mwanamke aliyedanganywa na mume, wasanii wanasimamisha mchezo pale penye tatizo wanawauliza watazamaji afanye nini, watu wanatoa mawazo wasanii wanayaigiza. Mama mmoja mwenye mwili wake kila wakiigiza wazo lake anasema sivyo, hamjanielewa. Wakijaribu tena, sivyo. Mwisho Boal akamwambia basi panda wewe utuonyeshe. Mama kapanda, kashika ufagio, kampa yule mume wa maigizo kichapo cha haja. Kuanzia siku ile mtazamaji akaruhusiwa kupanda jukwaani achukue nafasi ya mhusika, na dunia nzima sasa inafanya hivyo, mchezo unachezwa mara ya kwanza mpaka unaishia vibaya, unarudiwa, na yeyote anapiga kelele simama anapanda anajaribu njia yake. Ajabu ni kwamba vikundi vyetu vimefundishwa hii kitu kwenye semina kibao na wakifika uwanjani bado wanamtoa mwenye koti jeupe.

Nitaendelea na ya kwetu, ngoja nile.

mtaa_wa_saba

Mkuu umeongea lakini usitufanye wasanii tuonekane wajinga. Mfadhili anakwambia onyesho lisizidi dakika arobaini, ujumbe uwe hivi na hivi, skripti ipitishwe ofisini kwao kabla. Ukimwambia mchezo hauna mwisho atakuuliza kwenye ripoti niandike nini? Na mimi nyumbani wananisubiri na unga. Posho ya siku ndo inaniweka mjini. Wewe una mshahara?

kengele_ya_pili

Sina mshahara wa sanaa mkuu, na wala sijasema ni wajinga. Hoja yako ya posho ni ya kweli na nitaifikia.

Sasa ya kwetu. Mwaka 1982 hadi 1983 walimu watatu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando ambaye baadae ndo Profesa Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walienda Malya, Kwimba huko, Malya ile ile yenye chuo cha michezo. Hawakwenda na mchezo. Naomba mtu asome tena hapo: HAWAKWENDA NA MCHEZO. Walienda kukaa na watu, kuongea na vijana, wazee, viongozi, kuuliza hapa kinachowasumbua ni nini, halafu wanakijiji wenyewe wakachambua kipi ni ugonjwa na kipi ni dalili. Yakatoka mambo ya vijana, kukosa kazi, mimba za wasichana. Onyesho likatengenezwa na watu wa pale kwa kutumia ngoma na namna zao za kusimulia, na baada ya onyesho ukaja mjadala.

Angalieni mpangilio. Kuna kuchunguza, kuchambua, kutengeneza, kuonyesha, kujadili, kisha kufuatilia. Onyesho ni kipande kimoja tu na wala sio kirefu kuliko vingine. Sisi tumechukua kile kipande kimoja tumekikuza kimekuwa ndo kila kitu kwa sababu ndo kinapigika picha.

Na msiniambie hawa walikuwa wanaiga wazungu au wabrazili. Mtu aliyekaa jandoni au unyagoni anajua kwamba mafunzo yanachezwa, yanaimbwa, na anayefundishwa hakai kimya kwenye kiti. Mlama ameliandika hilo kwa kirefu, kwamba sanaa ya kuongoza maisha ilikuwepo hapa kabla ya mtu yeyote kuleta jukwaa lenye pazia.

limuru_kwa_reli

Sasa wasee wa bongo. Uzi ni moto lakini mbona unaruka Kamiriithu? Hiyo ilikuwa kabla ya Malya.

Kwa wale hawajui, 1977 kijiji cha Kamiriithu hapa Limuru watu walikuwa na kituo chao cha elimu ya watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika Ngaahika Ndeenda kwa Gĩkũyũ, wafanyikazi wa viwanda na wakulima ndio waigizaji, na mazoezi yalikuwa wazi, mtu anatoka shambani anasimama anaskiza, anasema hapana, mzee haongeangi hivyo, na maneno yanabadilishwa papo hapo. Mtu wa kiwanda anawaambia mshahara wake unakatwa vipi na hiyo inaingia kwa mchezo. Ukumbi walijenga wenyewe, wa wazi, wa watu karibu 2000. Ilianza Oktoba na 16 Novemba serikali ikaondoa leseni. Desemba hiyo hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o akabebwa, akakaa ndani jela ya Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. 1982 wakajaribu mchezo mwingine, wakafungiwa mlango wa Kenya National Theatre, polisi wakaja na malori wakabomoa ukumbi wa Kamiriithu wote. Wakabomoa ukumbi watu walijijengea wenyewe jameni!

Kwa hivyo mleta uzi usiniambie shida ni wafadhili na fulana pekee. Ukifanya ile kitu unasema, vile inafaa, kuna mtu mkubwa atakasirika. Wafadhili wanajua hiyo ndio maana wanawapea script ya kuosha mikono.

kengele_ya_pili

Mkuu wa Limuru nilikuwa nakuja huko, umeniwahi. Na naongeza kitu ambacho ni maoni yangu tu: serikali ile haikuogopa mchezo, michezo mikali zaidi ilikuwa inachezwa Nairobi na wasomi kwa wasomi wanarudi nyumbani. Iliogopa yale mazoezi. Miezi ya watu kukaa pamoja kila mwisho wa wiki wanalinganisha mishahara yao, hapo ndo penyewe.

Ngaahika Ndeenda ilirudi kuchezwa Kenya National Theatre mwaka 2022, miaka 45 baadae, ukumbi ule ule uliowafungia mlango. Vizuri. Lakini kuchezwa Nairobi mbele ya watu waliokata tiketi na kuchezwa pale Limuru na watu wa kiwanda ni vitu viwili.

Kuhusu vibali kwa hapa Tanzania, tuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, na wasanii wanasajiliwa BASATA, baraza la sanaa la taifa. Mi nawashauri vikundi msikwepe, nendeni na barua yenu kwa mtendaji wa mtaa mapema, na kama kuna spika kubwa polisi wajue. Mtendaji akijua mapema anakuja kukaa mbele, na huyo ndo unayemtaka akae mbele.

bibi_harusi_wa_1989

Mnanikumbusha mbali. Nyie watoto mnaongelea wafadhili kama vile sanaa Dar haijawahi kujilipia. Miaka ya themanini na tisini mwishoni mwa wiki tunaenda kwenye kumbi za baa kuangalia vikundi kama Muungano, Mandela, baadae TOT, unalipa kiingilio chako, unakaa na soda yako (wengine sio soda), wanaanza na ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, mwisho taarab hapo ndo watu wanatunza na mipasho inaruka. Hilo igizo lilikuwa linasema mambo ya mtaani kweli, mume mwenye nyumba ndogo, bosi, mwenye nyumba wa kupanga. Hakuna aliyesaini karatasi ya mahudhurio. Tulilipa sisi, kwa hiyo likiwa bovu tulizomea.

mtaa_wa_saba

Bibi harusi umemaliza. Kuzomea! Sasa hivi nani atazomea mchezo wa bure wenye soda ya bure?

ticha_wa_zamu

Naomba nichangie kama mwalimu. Mmesahau mradi wa Tuseme. Ilianza 1996 na hao hao kina Mlama na Lihamba pale Chuo Kikuu, kwa ajili ya wasichana wa sekondari, baadae FAWE, lile shirika la elimu ya wasichana Afrika, wakaichukua ikaenda nchi nyingi za Afrika. Wasichana wanakaa wenyewe, wanataja kinachowakwamisha shuleni, wanatafuta chanzo, wanatengeneza igizo, wanaigiza mbele ya shule nzima walimu wakiwepo, kisha wanapanga hatua na klabu inaendelea.

Nilivyoona mimi igizo ni sehemu rahisi. Wasichana wakipewa nafasi wanaigiza bila hofu, wanamuigiza mpaka mwalimu mwenye tabia yake, sauti yake, anavyoshika chaki, shule nzima inajua ni nani bila jina kutajwa. Kazi ni kesho yake. Kesho yake yule binti ana kipindi na yule mwalimu. Nyie wa vikundi mmeshaondoka na gari lenu, sisi tumebaki, na mkuu wa shule kama hakuwekwa sawa mapema anaita wazazi anasema watoto wamefundishwa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo mleta uzi ukisema eti mchezo uishe bila jibu mi nakubali, ila mtu wa kumlinda aliyesema awepo kabla ya mchezo kuanza. Mwalimu wa malezi, mama mmoja kwenye kamati ya shule, mtu mwenye sauti. Bila hivyo msiwapandishe watoto.

kengele_ya_pili

Ticha hii yako nimeihifadhi, kuna watu nitawatumia kama ilivyo. Ni jambo ambalo hata kwa watu wazima lipo. Ukimuita mwanamke apande aonyeshe angemjibu vipi mume anayempiga, na mume kakaa mstari wa tatu, unajua kinachofuata usiku? Ndo maana vikundi vinavyojua kazi vinafanya kikao cha wanawake peke yao kwanza, ndani, mlango umefungwa, halafu yale yaliyotoka yanaigizwa uwanjani na msanii kutoka mtaa mwingine, kisa kimebadilishwa vya kutosha.

boksi_london

Huku nilipo kuna kampuni ya maigizo inaitwa Cardboard Citizens, imeanza 1991, wanafanya na watu waliowahi kukosa makazi, na mwanzilishi wake Adrian Jackson ametafsiri vitabu kadhaa vya Boal kwa kiingereza. Wanaipeleka michezo mpaka kwenye hosteli za wasio na makazi, sio kumbi tu. Niliwahi kuhudhuria, jamaa wa hapo hapo hosteli alisimamisha mchezo akapanda akakaa kwenye kiti cha anayeomba nyumba ofisini, msanii aliyekuwa upande wa ofisi hakumlegezea hata kidogo, fomu hii sio, rudi jumatatu, jamaa akajaribu upole, akajaribu ukali, akakwama. Ukumbi mzima ukaanza kumpa mbinu, kumbe kuna mwingine anajua kifungu cha sheria. Nilichojifunza, yule anayeigiza mkandamizaji asiwe mnyonge. Akikubali haraka mchezo umekuwa uongo, mtu ataenda ofisini kesho na moyo mkubwa arudi amelia.

mtaa_wa_saba

Hapo kwa boksi nimepapenda, sisi mwenye koti jeupe anakubaliwa na kila mtu ndani ya dakika mbili 😂 Haya mleta uzi tupe sasa, msimu wako wewe ungeupangaje na hizi pesa zetu za mawazo?

kengele_ya_pili

Ningechagua jambo moja kwa mwaka mzima. Moja. Maji, au mikopo ya kausha damu, au ardhi ya wajane, lolote ambalo mtaa wenyewe unalisema ukikaa nao kwenye vijiwe, sio lililoandikwa kwenye tangazo la ruzuku. Miezi ya mwanzo hakuna onyesho kabisa. Wasanii wanakaa sokoni, kwa mama lishe, stendi ya boda, msikitini baada ya sala, kwenye jumuiya ndogo ndogo, wanasikiliza. Mtu atasema hizo ni siku za bure, hapana, hizo zilipwe posho sawasawa na siku ya jukwaani, na hapo ndo namjibu mtaa_wa_saba: shida ya posho ni kwamba inalipwa kwa onyesho, basi kikundi kinafanya maonyesho mengi iwezekanavyo sehemu tofauti tofauti na hakirudi popote. Msanii akilipwa kwa kurudi, atarudi.

Halafu mchezo mfupi, dakika ishirini, unaoishia pabaya. Unachezwa sehemu zile zile chache mara kadhaa, sio vijiji kumi siku kumi. Muda muangalie, saa nne asubuhi uwanjani unapata watoto na wazee, mama lishe yuko kwenye moto wake, siku ya gulio unapata watu ila hawakai, jioni kabla ya magharibi ndo kidogo. Masika msijidanganye na uwanja. Watoto wapewe mchezo wao kwanza, kweli kabisa, waandaliwe michezo na ngoma yao nusu saa, la sivyo watakaa mbele watacheka kila kofi linapopigwa na watu wazima wataondoka.

Na kitu ambacho sijaona vikundi vinakitumia. Boal alirudi Brazil baadae, akachaguliwa diwani Rio de Janeiro, 1993 mpaka 1996, na akaigeuza ofisi yake: vikundi vya maigizo vya mitaani vinaigiza tatizo, wananchi wanapanda wanajaribu, kuna watu wanaandika kila pendekezo, mwanasheria analiweka sawa, linaenda baraza la mji. Sheria 13 zilipitishwa kwa njia hiyo. Kumi na tatu wakuu, kutoka kwenye maigizo.

Sisi hatuna haja ya kuwa na diwani. Kijiji kwa sheria kina mkutano mkuu wake wa wanakijiji wote wazima, unatakiwa uitwe angalau kila miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Pangeni msimu kwa kufuata mikutano hiyo badala ya kalenda ya siku za kimataifa. Onyesho liwe wiki moja kabla ya mkutano, mtu mmoja wa kikundi anaandika kila alichojaribu mwananchi jukwaani, yale matatu manne yaliyokubalika yanapelekwa kwa mwenyekiti yaingie kwenye ajenda, na kikundi kinahudhuria mkutano kimya kimya, bila fulana.

kijiji_bila_mkutano

Kengele unaota. Kwetu mtendaji hajaita mkutano mkuu tangu nikumbuke, akiita ni kusomewa michango. Mapato na matumizi hatusomewi. Sasa huo mchezo wako wa wiki moja kabla ya mkutano utakuwa wiki moja kabla ya nini?

limuru_kwa_reli

😂😂 Si basi ndio huo mchezo. Igizeni mkutano wenyewe.

kengele_ya_pili

Nilitaka kuandika hivyo hivyo. Kijiji_bila_mkutano, hapo tatizo lenu mnalo tayari, wala hamhitaji mtu kutoka mjini kuja kuwachunguza. Weka meza, weka mtendaji na daftari lake, wanakijiji wanauliza mapato na matumizi anawazungusha, mkutano unafungwa. Rudia. Nani anapanda? Ila nisikilize mimi na msikilize ticha: kabla ya yote tafuteni ni nani pale kijijini, mzee au mama, ambaye mtendaji akimkasirikia hawezi kumfanya kitu. Mkikosa huyo msianze uwanjani, anzeni ndani na watu wachache.

kijiji_bila_mkutano

Yupo. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, mtendaji mwenyewe anakopa unga kwake.

mtaa_wa_saba

Basi mchezo mnao. Mimi nauli mkinipa nakuja kuigiza mtendaji, na silegezi, boksi kashanifundisha.

ticha_wa_zamu

Na huyo mama wa mashine aulizwe kwanza kama anataka.

kijiji_bila_mkutano

Nitamuuliza jumamosi, ndo siku nasaga.